Dawa za Marehemu

Katika ukoo wetu presha si ugonjwa, ni cheo. Mtu akirudi kutoka hospitali ya mjini na kutangaza kwamba amekutwa na presha, anasogezewa kiti chenye mgongo, chumvi inaondolewa mbele yake kwa adabu, na kuanzia siku hiyo hapewi habari mbaya mpaka kwanza apatikane mtu wa kumshika bega. Mwenye malaria hapati hayo. Mwenye minyoo ndiyo kabisa, anachekwa. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa kwetu Mollo akikohoa kikaoni hadi machozi yakamtoka. Akaulizwa kama ni presha. Akajibu kwa aibu kwamba hapana, ni kifua tu, na kikao kikaendelea kama vile hakuna aliyekohoa.

Kwa kipimo hicho, shangazi yangu alikuwa mtu mkubwa. Ni dada wa marehemu baba yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko bonde la pili, na presha yake ni ya siku nyingi. Kila mwezi alivaa kitenge chake cha sikukuu, akapanda bodaboda kwenda kliniki mjini Sumbawanga, akarudi na vidonge vyake vya atenolol ndani ya bahasha ndogo ya karatasi. Kazi ya vidonge hivyo alituelezea sote, hata ambao hatukuuliza.

"Vinauambia moyo upunguze mbio," alisema. "Moyo wangu ulikuwa unakimbia kama mwizi wa kuku. Sasa unatembea kama mke wa diwani."

Jambo moja tu hakulisema kliniki. Magoti yalimsumbua, na ili siku ya kliniki aingie kwa mwendo wa heshima, alinunua vidonge vya diklofenaki duka la dawa na kuvimeza siku kadhaa mfululizo. Akifika, kipimo cha presha kinapanda, nesi anatikisa kichwa, daktari anaongeza atenolol. Walimuuliza kama anatumia dawa nyingine. Alisema hapana, na kwa akili yake alikuwa anasema kweli tupu: ameulizwa mambo ya presha, na magoti si presha.

Mimi wakati huo nilikuwa Kasanga, ziwani, napakia samaki aina ya migebuka kwenye lori la barafu. Ilikuwa kazi niliyoishika baada ya kuacha ya matofali kule Pito, na kabla ya kuacha na hiyo pia. Shule niliiacha kidato cha kwanza, lakini kusoma hakukuniacha. Nasoma mfuko wa mbolea, nasoma gazeti lililofungiwa maandazi, nasoma karatasi za ndani ya boksi za dawa, hata za Kiingereza ambazo naelewa neno moja na kuruka mstari. Ndipo nikapigiwa simu kwamba baba mkubwa amefariki.

Baba mkubwa alikuwa kaka yake shangazi. Alifanya kazi Mbeya miaka mingi, akastaafu, akarudi Mollo na redio, koti zito la sufu, na presha kubwa kuliko ya shangazi. Yake ilikuwa imetibiwa na mabingwa huko Mbeya, na kwetu kitu kikitoka Mbeya kinaongezeka uzito njiani, hata kama ni ugonjwa. Shangazi alimpenda kaka yake, lakini hilo la mabingwa lilimkera. Basi, kiharusi kikamchukua. Tukamzika mwezi wa sita, ule wa upepo, ambao kwenye nyanda zetu za Ufipa mtu anaweza kulia msibani kwa baridi tu na akasifiwa kwa uchungu.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Kwa ukoo wetu matanga hayaanuliwi mpaka vitu vya marehemu vigawiwe, na havigawiwi kwa anayevipenda, vinagawiwa kwa anayefanana navyo. Koti linakwenda kwa mwenye mabega yale. Viatu vinakwenda kwa mwenye mguu ule. Na aliyepewa lazima akitumie kitu chake, tena upesi, tena mbele za watu. Ukikifungia ndani, wanasema unamkataa marehemu. Nimeona mtu akilima shamba la maharage amevaa suti ya baba yake mdogo, jua la mchana, kwa sababu hiyo.

Tukakaa kwenye mkeka uani. Koti likapata mabega. Redio ikapata masikio. Jembe, mkuki, saa ya mkononi isiyotembea, vyote vikaenda. Mwishoni likatoka kopo la maziwa ya unga. Mzee aliyesimamia kikao akalitikisa, likalia. Ndani yake zilikuwa karatasi nyingi za vidonge, nyingine hazijaguswa kabisa.

"Hizi ni zile za presha," alisema mzee. "Tufanyeje?"

"Nipeni mimi," alidakia shangazi mdogo. Huyu ni mdogo wake shangazi, na tangu utotoni wamegombania kila kitu, hata zamu ya kuugua surua.

Shangazi akamgeukia polepole. "Wewe una presha tangu lini?"

"Tangu juzi, nilivyopata habari za msiba."

"Hiyo si presha, hiyo ni njaa. Ulikataa maharage ukisubiri nyama."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wako msibani, wakakohoa.

"Dada, mimi yangu ni ile ya kushuka."

"Ya kushuka! Basi umeze hizi za kushusha, tuone itashukia wapi. Si itaingia ardhini imfuate kaka!"

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Lilikuwa neno pekee la kitabibu lenye akili kusemwa pale mkekani, na lilisemwa kama tusi.

Kisha akasafisha koo mkwe wetu. Huyu ameoa binti wa shangazi. Ni mtu wa Mbeya, aliyehamishiwa Sumbawanga kikazi, mtumishi wa serikali katika ofisi moja isiyohusiana kabisa na mwili wa binadamu. Lakini ana neno lake moja, na akishalitamka, wazee wetu wote wanashusha vichwa kama wanabarikiwa. Neno lenyewe ni "kitaalamu."

"Kitaalamu," alisema, "dawa ya presha ni dawa ya presha. Hizi anazopewa mama hapa ni za kawaida. Hizi za mabingwa zina nguvu. Akizimeza pamoja, ile ya hapa inashika chini, na ya kule inashika juu. Presha inabaki katikati, haina pa kwenda."

"Mmesikia," alisema mzee. "Kitaalamu."

Nilikuwa nimeshachukua karatasi moja ya vidonge na kuisoma kwa nyuma. "Hapa imeandikwa verapamil," nilisema. "Ya shangazi ni atenolol. Kama ni dawa moja, kwa nini majina ni mawili?"

Mkwe akanitazama kwa huruma. "Shemeji, wewe na dada yako mna jina moja?"

"Hapana."

"Na mama yenu si mmoja?"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na safari hii hakuna aliyekumbuka msiba. Nikairudisha karatasi koponi. Hakuna mtu, na mimi nikiwemo, aliyeuliza swali lililokuwa limelala katikati ya mkeka: kama dawa hizi zina nguvu hivyo, imekuwaje zimebaki zimejaa kopo na mwenyewe tumemfukia juzi?

Ikaamuliwa zinakwenda kwa shangazi, maana ndiye aliyefanana nazo. Kwa kuwa akina shangazi walikuwa bado wanatazamana vibaya, kopo akakabidhiwa mkwe alitunze mpaka asubuhi, yeye akiwa mtu wa nje na mwaminifu.

Kuanzia siku iliyofuata shangazi alitoka uani kila asubuhi na bakuli la uji wa ulezi, akasubiri majirani wawe wanapita kwenda mashambani, akanyoosha kiganja chenye vidonge viwili.

"Kimoja cha serikali," alitangaza, "na kimoja cha marehemu." Akameza. Majirani wakaitikia, "Kaka yako amekuacha pazuri." Kopo akalifungia sandukuni, na ufunguo akauning'iniza shingoni kwa uzi, kwa sababu shangazi mdogo alikuwa amekataa kurudi kwake Msanzi. Alisema bado ana uchungu. Uchungu wenyewe ulikuwa ukimpeleka chumbani kwa dada yake kila dada yake alipokwenda kisimani.

Sikuondoka Mollo. Lori lilikuwa limeshapata mpakiaji mwingine, na maharage yalikuwa yanavunwa. Kwa hiyo niliyaona yote.

Kwanza shangazi alitulia. Mwanamke aliyekuwa akigombana na jogoo kwa kuwika mapema sasa alikaa ukutani kwenye jua, shali mabegani, anatabasamu. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye mahindi yake, naye akasema, "Mwacheni, na yeye ana tumbo." Sisi tukafurahi. Jirani akafurahi zaidi, mbuzi hata sisemi. Mkwe alikuja Jumapili akasimama mbali, kama mkwe anavyosimama, akamwangalia mama mkwe wake alivyopoa, akasema, "Mnaona? Ya chini na ya juu zimekutana."

Kisha akaanza kuchoka. Alikuwa akienda hadi kisimani na kurudi huku akiimba, sasa alifika katikati ya njia akaketi. Vidole vyake vilikuwa baridi hata akivishikilia juu ya moto. Akisimama ghafla, anashika ukuta. Nikamwambia aende hospitali. "Siku yangu ya kliniki bado," alijibu, "na nikienda kabla ya siku wataniona nina kiherehere." Nikamwambia basi aache hizo za marehemu kwanza, tuone. Akanitazama kama niliyemwomba afukue kaburi.

"Wewe unataka watu waseme nimemkataa kaka yangu?"

Alianguka asubuhi tunapiga maharage. Alikuwa ametoka kumeza. Alishika fimbo, akapiga mara chache, akasema, "Mbona kumekuwa na giza," wakati jua lilikuwa kali, akalala juu ya maganda bila hata kunyoosha mikono. Nilipomfikia uso wake ulikuwa na rangi ya jivu na jasho la baridi. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, kama nilivyoona manesi wakifanya. Nilifikiri nimekosea mahali. Mshipa ulipiga, ukakaa kimya muda mrefu sana, nikaanza kumwita Mungu, ndipo ukapiga tena kama mtu anayelazimishwa.

Sasa wakafika washauri. Jirani mmoja alisema ni radi kavu iliyotumwa, nchi nzima inajua Sumbawanga tulivyo. Ndiyo shida ya kuishi mahali penye sifa: watu wa mbali wakitusingizia uchawi tunakasirika, lakini mtu akianguka uani kwetu sisi ndio wa kwanza kuwaunga mkono. Shangazi mdogo alilia kwamba marehemu amekasirika kwa sababu dawa hazikugawanywa sawasawa. Mkwe, aliyekuwa amekuja kuchukua gunia lake la maharage, alisimama kwenye kona ya nyumba. Kwa heshima hawezi kumshika mama mkwe wake, kwa hiyo alimtibu kwa mbali.

"Presha imepanda!" alipiga kelele. "Mpeni kingine cha marehemu! Haraka!"

Shangazi mdogo akaukimbilia ule ufunguo shingoni. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo silielewi. Shangazi, ambaye alikuwa hasikii akiitwa, alipohisi mkono wa mdogo wake shingoni mwake alikunja ngumi juu ya ufunguo na hakuiachia. Ubahili wake ulikuwa bado macho wakati yeye mwenyewe ameshazimia. Kidonge hakikupatikana. Nikasimamisha pikapu iliyokuwa ikipeleka maharage sokoni, tukamlaza juu ya magunia, tukashuka mjini.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana bado, mwenye sauti ya chini. Alimshika shangazi mkono, akahesabu mapigo, akamwita nesi, wakamfunga nyaya kifuani. Mashine ikaanza kuchora. Mimi si mtaalamu, lakini milima michache namna ile kwenye karatasi ndefu namna ile hainipi raha.

"Moyo unakwenda polepole mno," alisema daktari. "Polepole kiasi cha hatari. Anatumia dawa gani?"

"Atenolol tu," alisema shangazi mdogo.

"Atenolol ya kliniki peke yake haiwezi kumfikisha hapa. Nini kingine?"

"Hakuna."

Daktari akamtazama mkwe, aliyekuwa mlangoni na tai yake. Wengine wote wakamtazama pia, maana ndiye wa kitaalamu. Mkwe akaangalia dari. "Mimi ni mkwe," alisema. "Mambo ya ndani ya mama siyajui."

Nilidhani anasitiri aibu. Ukisema mbele ya daktari kwamba mmerithishana dawa kama kanzu, unautangazia mji mzima ukoo wako ukoje. Shangazi mdogo alinibana mkono, kucha zikaingia. "Mambo ya mkekani hayatoki nje," alininong'oneza. Na pale kitandani alikuwa amelala mtu anayepumua kama anakopa.

"Kuna za marehemu," nilisema.

Nesi aliacha kufunga kitambaa cha mkono.

"Marehemu yupi?" aliuliza daktari.

"Kaka yake. Tulimgawia, kopo limejaa. Za presha, kutoka Mbeya. Jina ni kama verapamil, lakini nilisoma mara moja tu."

Daktari hakucheka wala hakutusema. Alitoa amri, shangazi akachomwa sindano, akatundikiwa dripu. Kisha akanigeukia. "Nahitaji kuziona zenyewe. Jina kamili na nguvu ya kidonge. Huenda mle ndani kuna na nyingine. Mnazo wapi?"

"Sandukuni. Ufunguo anao."

Ngumi ilikuwa bado imefungwa. Nesi akajaribu vidole, vikagoma. Sindano ilikuwa imeanza kufanya kazi, shangazi akafungua macho nusu, akamwona mdogo wake ameinama juu yake.

"Unautaka," alisema kwa sauti iliyotoka mbali.

"Dada, ni daktari anayeutaka. Wewe utakufa!"

"Ndiyo, nife uzichukue."

"Nani anazitaka? Nazikataa! Nazikataa mbele ya mashahidi!"

"Sema Msanzi unarudi lini."

Mashine ilichora kilima kimoja, ikapumzika. Daktari aliinama karibu na sikio la shangazi. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba," alisema shangazi. Hilo hawezi kuliacha, hata akiwa nusu kaburini.

"Mdogo wako hataugusa. Mchagulie wewe mtu."

Macho yakazunguka chumba. Yalimpita binti yake, aliyekuwa amefika kutoka kwake mjini, yakampita mkwe upesi, yakanifikia mimi. Sidhani ni mapenzi. Nadhani aliona ndugu pekee ambaye hajawahi kukaa na kitu muda wa kutosha kukiiba. Ngumi ikafunguka.

Mwenye bodaboda aliyenipeleka Mollo na kunirudisha aliendesha kama anayefukuzwa, na kwenye makorongo nililikumbatia lile kopo kama mtoto. Daktari akamwaga vilivyomo mezani. Ilikuwa kweli, verapamil, na chini kabisa kulikuwa na karatasi ya diklofenaki ya shangazi mwenyewe, aliyoiweka humo kwa sababu kopo lilikuwa na kifuniko kizuri.

"Sikilizeni," alisema daktari. "Atenolol inauambia moyo upunguze mbio. Verapamil nayo inauambia hivyo hivyo, kwa mlango mwingine. Kila moja peke yake inaweza kumsaidia mtu, kama daktari wake amempimia. Zikiingia pamoja bila mtu kuangalia, moyo unapata amri mbili kwa mpigo, na unaweza kutii mpaka usimame. Na hizi za maumivu zinapandisha presha na kuizuia dawa isifanye kazi. Sasa naelewa kwa nini walikuwa wanamwongezea kila mara."

Alizishika karatasi za verapamil akazigeuza. Akakunja uso. "Hizi zimekatwa kwa mkasi. Kopo lilikuwa limejaa, mmesema. Kuna mtu mwingine ana za kwake."

Shangazi mdogo akainua mikono yote miwili kama aliyeshikiwa bunduki. "Si mimi! Nilitafuta kila siku sikupata, Mungu ananiona!"

"Aliye nazo aseme," alisema daktari. "Sijali amezipataje. Kama anatumia dawa nyingine ya moyo au presha, kesho anaweza kuwa kitanda cha pili."

Ni ajabu jinsi mlango unavyoweza kuonekana mtupu wakati mtu bado amesimama pale. Mkwe alikuwa amelowa jasho, tai imeshika shingo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi mbili za vidonge zilizokatwa vizuri, kwa unadhifu wa kiofisi.

"Kitaalamu," alianza, kisha akaziweka tu mezani kando ya kopo.

Ikajulikana kwamba alipimwa kazini akakutwa na presha, akapewa vidonge vya propranolol, ambavyo daktari alisema ni ndugu wa karibu wa atenolol, na akaificha habari hiyo hata kwa mkewe, asije akaonekana mzee kabla ya kupandishwa cheo. Usiku aliolala na kopo alijikatia fungu lake. Alikuwa akizimeza zote mbili, na alikuwa ameshaanza kuona kizunguzungu kwenye ngazi za ofisi. Maana yake aliposimama pale mlangoni akiangalia dari, hakuwa anasitiri aibu ya ukoo. Alijua kilichomo tumboni mwa mama mkwe wake kuliko sisi sote, akanyamaza kwa ajili ya mfuko wa koti. Watu wa kwetu wamemsamehe. Wanasema ni mgeni. Mimi tangu siku ile nikisikia lile neno lake, natafuta kitu cha kurusha.

Nesi alimpima mapigo palepale koridoni, akamwita daktari, na mkwe akapelekwa wodi ya wanaume akiwa bado anauliza kama wanaweza kutoandika sababu.

Mashine ya shangazi ilianza kupata milima zaidi jioni ile, na kesho yake rangi ikarudi usoni. Siku iliyofuata alikaa, akala uji, akadai kioo. Daktari alipomzungukia, alimweleza yote upya, taratibu: atambadilishia dawa, magoti atapewa kitu kisichogombana nayo, asiache wala asiongeze chochote kwa kichwa chake, na kila akiulizwa anatumia nini ataje vyote, vya magoti, vya mafua, vya mizizi, hata alivyopewa na jirani. Kopo la marehemu lingeteketezwa hospitalini.

"Yaani unanichukulia urithi wangu," alisema shangazi.

"Ndiyo, bibi. Nimekurudishia roho, tumebadilishana."

Shangazi akazipima dawa zake mpya kwa kiganja, akawa anawaza. Mdogo wake alikuwa pembeni, anamenya chungwa, ametega sikio.

"Na hizi," shangazi aliuliza, "nikifa, anapewa nani?"

"Hapewi mtu. Zinarudishwa hapa."

"Hata ndugu wa damu?"

"Huyo ndiyo kabisa."

"Lakini mimi nikifika mkekani siwezi kusema. Watazigawa tu. Watu wetu nawajua." Akamtupia mdogo wake jicho. "Nikiacha hata kimoja, kuna mtu atakipata."

"Basi fuata nilivyokuandikia," alisema daktari. "Kila siku kimoja, kila mwezi uje kliniki uchukue vya mwezi huo tu. Ukifanya hivyo, hakitabaki cha kugawa."

Shangazi alifunga kiganja. Nimemwona akiapa kanisani na hakuwa na uso ule.

"Nitavimaliza vyote," alisema. "Vyote. Asipate hata karatasi."

Hajakosa kliniki tangu hapo. Anapimwa, presha imekaa vizuri, manesi wanamsimamisha mbele ya wagonjwa wengine kama mfano wa mtu anayejali afya yake. Naye anasimama na kitenge chake cha sikukuu, anapokea sifa, na wakimuuliza siri ni nini anawaambia ana mdogo wake Msanzi.